Mtindo rahisi wa nywele wa pool party nusura unikoseshe mchumba, hapa Likasi

Wakuu, poleni na jua huko mliko.

Hapa kwetu Likasi mvua bado inajivuta. Vumbi la malori ya mgodi wa Kamatanda linaingia mpaka kwenye sufuria, na mimi nimekaa kivulini nacheka peke yangu kama chizi.

Nimewasoma humu muda mrefu bila kusema neno. Juzi dada mmoja kauliza mitindo rahisi ya nywele ya kwenda nayo pool party, mkamjaza picha na ushauri mtamu. Nikasema hapana, huyu dada inabidi asikie na upande wa pili. Haya yalinipata mimi na kichwa changu, na kwa bahati mbaya mashahidi ni wengi.

Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha kwenu. Ila watu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea huku Katanga, Kongo, maana nikiwanyoosha watakuwa si wao tena.

Basi. Mimi nauza vitenge sokoni. Nina mchumba, Serge, fundi wa malori ya mgodini. Mpole, mrefu, ananuka dizeli kidogo lakini pua yangu imeshazoea. Wakati wa mkasa huu familia zetu zilikuwa zinapanga kukutana kwa ajili ya mahari.

Sasa siri yangu.

Kabla sijamjua Serge nilijipaka dawa ya kunyoosha nywele, kisha nikapigiwa simu na rafiki mwenye umbea wa moto. Wakuu, ule umbea ulikuwa mtamu, nikasahau dawa kichwani. Nilipokuja kuosha, nywele za utosini zikaondoka na maji. Za pembeni zilirudi. Za katikati zikagoma, pakabaki paraa kama kitako cha kikombe.

Tangu siku ile mimi na perruque, nyie mnaita wigi, tukawa damu damu. Serge hakuwahi kuniona bila. Alipouliza nilimwambia naivaa kujikinga na vumbi tu, chini yake nina nywele mpaka mabegani.

Mpaka mabegani! Yaani mtu akishaanza kudanganya hajipimii.

Shida yangu kubwa ilikuwa dada yake mkubwa, yaya Carine. Kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa, msije mkadhani nazungumzia mlezi wa watoto. Yaya Carine ni mwalimu, ana nywele zake mwenyewe, nyingi, nzito, na anazibeba kama taji. Siku ya kwanza Serge kunipeleka kwao tukala bukari, ugali wa kwetu, na samaki, yeye akaniangalia kichwani, akasema mbele ya wote:

"Mwanamuke wa kuficha kichwa, iko anaficha na mambo ingine."

Mwiba wa samaki ukanikwama. Nikacheka kuliko wote pale mezani, machozi yakinitoka, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya mwiba.

Na neno la yaya Carine kwa Serge lina uzito. Wazazi wao walifariki mapema, yeye ndiye aliyemlea. Akisema huyu msichana hapana, mahari inalala.

Ndipo ikaja sherehe yake ya kuzaliwa. Akaamua ifanyike kwenye piscine, bwawa la kuogelea la zamani hapa mjini. Ujumbe ukaingia kwenye group la familia: nyama ipo, muziki upo, kila mtu aje na nguo ya kuogelea. Na meneja wa pale hataki nywele za bandia majini, zinaziba chujio la maji. Halafu akaongeza chini yake:

"Njo muzuri. Ile siku tutaonana bichwa!"

Na vikatuni vya kucheka juu. Wakuu, vile vikatuni vilikuwa vinanicheka mimi. Najua.

Nikakimbia kwa Bijou, rafiki yangu, msusi. Nikavua perruque nikamwambia, "Bijou, niokoe."

Hapa ngoja niwape ushauri wa kweli, maana Bijou kazi yake anaijua. Dada mwenye nywele kamili kichwani, usisumbuke. Suka nattes za kulala zinazokwenda nyuma, zile Watanzania mnaita twende kilioni, umemaliza. Ukiwa na haraka, gawa nywele mafungu manne, viringisha vifundo, funga. Au suka kwa uzi mweusi kama mama zetu, maji hayaufanyi kitu. Kabla ya kuingia lowesha nywele kwa maji ya kawaida na upake mafuta, ile dawa ya piscine isizinywe zote. Ukitoka, osha. Basi, huo ndio urembo wa majini.

Mimi sasa! Tulijaribu nattes, zikafika katikati zikakosa pa kushika. Tukajaribu vifundo, nikafanana na shamba lililoliwa na mbuzi. Nikauliza vipi kofia ya plastiki, Bijou akasema nikienda na kofia yaya Carine ataivua na koleo.

Mwisho akakuna kidevu, akatoa wavu mwembamba rangi ya ngozi. Juu ya wavu ule akasuka nattes ndogondogo za kulala, moja moja, siku nzima. Courant, umeme wenyewe, ikakatika katikati ya kazi. Bwawa la umeme la Koni liko hapo hapo jirani na bado tunasuka kwa tochi ya simu, lakini hilo tuliache. Akamaliza, akanyoa za pembeni zikakaribiana na ngozi, akanibandikia ile kazi kwa gundi ya kope na ya nini sijui.

Nikajitazama kwenye kioo. Wallahi huwezi kujua. Nilikuwa na mistari ya ngozi kati ya nattes na ngozi yenyewe siyo yangu.

"Usizamishe kichwa," Bijou akaniambia. "Na muntu asivute."

Nani atavuta nywele za mtu mzima? Nikaondoka nacheka.

Siku ikafika. Maji ya buluu, mbuzi anageuzwa kwenye makaa, muziki mpaka kifua kinatikisika. Yaya Carine akanipokea na glasi mkononi, akanizunguka kama anayenunua ng'ombe. Akapitisha kidole kwenye mstari mmoja. Mimi sipumui.

"Voilà," akasema. "Hizi njo nywele."

Serge akatabasamu meno yote. "Kumbe iko na nywele muzuri hivi, na unazifichaka!"

Nikamjibu, "Wivu ya bantu, chéri." Moyoni nikajisikia vibaya kidogo, nisiwafiche. Alikuwa amefurahi kweli, mtu mzima, kwa kitu cha uongo. Lakini vibaya kwenyewe kulikuwa kidogo, na mbuzi alikuwa ananukia.

Nikaingia majini mpaka kifuani. Gundi ikashika. Nikaanza kujisikia. Binamu zake Serge wakanizunguka wanauliza siri ya nywele zangu, na mimi, mwenye paraa, nikaanza kutoa darasa! Pakeni mafuta ya palmiste, yale ya kokwa za mchikichi, nikasema. Laleni na kitambaa. Na uvumilivu, wapenzi wangu, nywele zinataka uvumilivu. Mmoja alikuwa ananirekodi kwa simu.

Hapo ndipo akaja Kambo Feli.

Kambo kwetu ni bibi au babu. Kambo Feli ni bibi yake Serge, mdogo wa umbo, ulimi mrefu. Na kwetu bibi na mjukuu wana utani wao. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "bwana yangu". Kwa hiyo ukija wewe kuolewa na huyo mjukuu, wewe ni mke mwenzake, mke mdogo, na yeye mkubwa. Anaruhusiwa kukutania atakavyo na kuchukua chochote ulichovaa, wala hakirudi. Na wewe ukiweza kumrudishia, rudisha. Ila ole wako ukasirike: anayekasirika ameshindwa, na atamletea mwenzake kuku. Alishaondoka na sandali zangu siku moja, nikarudi nyumbani pekupeku na watu wakipiga makofi.

Akaja mpaka ukingoni, kitenge kiunoni, kitambaa kichwani, akainama.

"Weye, muke mwenzangu! Tokea asubuyi bwana yangu iko anaangalia weye tu. Ni ju ya hizi nywele? Basi leta, na minye nivae!"

Watu wakaanza kucheka kabla hajafanya kitu. Akashika natte moja nyuma ya shingo, akavuta. Alikuwa anatania tu, bibi wa watu, hakutaka ubaya.

Gundi ilikuwa imekunywa maji tangu asubuhi.

Ikatoka yote, wakuu. Yote. Kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Kambo akabaki ameshika nattes zinachuruzika, na mimi nimesimama majini na kichwa changu cha kweli, jua la Likasi likigonga pale katikati.

Hakuna aliyecheka. Muziki uliendelea na hicho ndicho kilichoniua, wimbo wa furaha na watu wote wamenyamaza. Yule binamu bado anarekodi. Yaya Carine amesimama na sahani. Serge simwoni, siwezi kugeuka.

Nilitaka kulia na kukimbia. Lakini nikamtazama Kambo, nikaona ameogopa. Mdomo wazi, nattes bado mkononi. Yule mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa neno alikuwa amekosa neno, kwa ajili yangu.

Nikasema kama ni kufa, nife na utani wangu.

Nikapanda ngazi polepole. Nikanyoosha mkono, nikamvua kitambaa chake kichwani, nikakifunga changu, fundo mbele, vizuri kabisa.

"Aksanti, muke mukubwa," nikamwambia. "Umechukua yangu, minye nimechukua yako. Nani iko na hasira kati yetu?"

Kambo akaniangalia. Akajishika nywele zake nyeupe chache. Halafu akapiga ukelele wa kicheko mpaka akakaa chini kwenye maji ya sakafuni, na piscine nzima ikalipuka.

Isipokuwa wawili.

Yaya Carine akaweka sahani. "Ulitudanganya," akasema. "Nilisemaka minye, ya kuficha kichwa..."

"Carine!" Kambo akamkata, bado amekaa chini. "Mambo ya bake benza, minye na huyu, mutoto haiingiliake. Minye njo nilimuvula. Ukitaka kugombana, gombana na minye."

Yaya akafunga mdomo, lakini macho hayakufunga kitu. Na Serge akawa anakuja. Uso haucheki wala haununi. Nikajua basi, imekwisha, nitarudi kwa vitenge vyangu.

Akasimama mbele yangu, akakifunua kile kitambaa kidogo kwa kidole.

"Ilikuuma?" akauliza.

"Nini?"

"Hapa. Ni dawa ilichoma, naona. Ilikuuma?"

Wakuu, tangu niungue, watu wachache waliojua, mama yangu akiwemo, waliniuliza tutafichaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama iliuma. Nililia pale pale, kwa sauti, makamasi na kila kitu, na Kambo chini kule akadai kuku wake eti kulia ni sawa na kukasirika.

Msidhani mambo yakawa asali hapo hapo. Serge alinuna siku kadhaa, simu ikawa ya ndiyo na hapana. "Ile ya mpaka mabegani," akaniambia baadaye, "ile, sha, uliongeza." Haki yake. Nilimwomba msamaha kwa maneno ya wazi, hakuna utani ndani yake.

Yaya Carine hajaniambia pole wala karibu. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, kwa sauti ile ile ya kugombana, kunieleza daktari wa ngozi alikoenda mwalimu mwenzake. Alipomaliza akasema, "Na siku ya mahari, uje na kichwa yako." Nimeusikiliza mara nyingi mno.

Jumapili iliyofuata nilinyoa zote zilizobaki, kipara kabisa, nikaenda misa na Serge bila kitu kichwani. Nahisi kanisa zima linaniangalia.

Halikuwa linaniangalia. Lilikuwa linamwangalia Kambo Feli, anarudi kutoka kukomunika, mikono kifuani, mtakatifu, na nattes zangu kichwani, amezivaa mbele nyuma. Alipofika kwenye benchi letu akasimama, akaninong'oneza:

"Leo bwana yetu anaangalia nani?"

Serge alificha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika.

Dada uliyeuliza mtindo wa pool party, jibu langu ndilo hili. Vaa wigi, suka, nyoa, yote ni urembo. Ila yule unayetaka kuishi naye, mwonyeshe kichwa mapema, nyumbani, mkiwa wawili. Ukimwachia bibi yake ndiye aonyeshe, itakuwa na muziki na video.

Haya, mwenye kucheka acheke, mwenye dawa ya paraa ailete hapa chini. Na kama yupo anayejua namna ya kumnyang'anya bibi nywele bila kumlipa kuku mwingine, naomba mbinu. Bijou amechukia, kazi yake ya siku nzima sasa inaenda misa kila Jumapili bila yeye kusifiwa.