Si Ule Moto

Mwanamke mmoja, fundi wa makochi, alizaliwa na uvimbe mwekundu kwenye shavu la kushoto, wenye ukubwa wa yai la njiwa. Shuleni wakambandika jina la Nyanya. Alicheka nao: "Basi mimi nimekuwa bibi kabla ya kuwa mama!" Lakini karakanani aliiweka cherehani ubavuni mwa ukuta, ili mteja akiingia amwone upande wa kulia tu.

Ujanani, seremala aliyekuwa akimtengenezea fremu za makochi alimposa. Alimpenda, akamkataa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, alijiambia. Na wake je? Hakutaka kuzaa kiumbe cha kuchekwa. Seremala alisubiri, akachoka, akaoa kwingine.

Alipovuka arobaini, uvimbe ukawa unatoka damu kila ukiguswa. Tone lilipoangukia kitambaa cheupe cha mteja, akaenda hospitali. Daktari wa ngozi akaukata, akapeleka kipande maabara. Siku ya kutoa nyuzi akamwambia:

"Si saratani. Ni mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi."

"Nimerithi kwa nani?"

"Hukurithi. Ulipokuwa tumboni, chembe moja ya mwili wako ilikosea kunakili jeni yake wakati inajigawa. Zilizotoka kwake zikafuata kosa hilo, pale shavuni tu. Kwingine mwilini uko sawa."

"Kwa hiyo ningezaa..."

"Mtoto asingeupata kwako."

Alishukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, mkoba magotini, mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa. Alimwaza seremala, bila hasira. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kisha akaenda kwa mama yake, akamkuta anachambua mchele. Akamweleza yote. Mama akaweka ungo chini.

"Kumbe si ule moto?"

"Moto upi, mama?"

"Jiko la jirani lililipuka nikiwa na mimba yako. Nikashtuka, nikajishika shavu. Bibi yako akasema nimekuunguza mwenyewe. Miaka yote hii, kila nikikutazama..."

"Si wewe, mama. Si mtu yeyote."

Mama akajifuta mikono kwa khanga, akaligusa lile kovu polepole, kama anayejaribu joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Machozi yakawatoka wote wawili, hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

"Haya," mama akasema baadaye, akivuta ungo, "sogea hapa. Macho yangu hayaoni tena mawe."