Chumba cha Adhabu

Walimu walimwita Mama Kaki, kwa sababu hakuna kitabu kilichoingia kwenye maktaba ya shule ile bila kuvikwa karatasi ya kaki na kuandikwa jina mgongoni kwa kalamu nene. Kabla ya kuwa mkutubi aliuza mitumba sokoni miaka kumi na moja. Cheti chake alikipata kwa masomo ya jioni, watoto wawili nyumbani na miguu imevimba kwa kusimama. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu alipomwita ofisini mwanzoni mwa muhula na kumwambia chumba chake kinatakiwa, hakulia. Aliuliza kinatakiwa lini.

"Muhula ukiisha," alisema Mkuu. "Mama, darasa la tano lina watoto tisini na sita. Lazima niligawe mara mbili, na chumba sina. Chako kina meza, kina madirisha, na hakuna mwalimu anayekitumia."

"Na vitabu?"

"Tutavifunga kwenye maboksi, viende stoo."

"Na mimi?"

Mkuu akaikagua kalamu yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Getini wanahitaji mtu wa kuandikisha wageni."

"Daftari langu linaonyesha watoto zaidi ya thelathini kwa wiki, Mkuu."

"Nimelisoma. Nionyeshe mwalimu mmoja aliyeingia na darasa zima akafundisha humo. Mmoja tu. Ukimpata, njoo tuongee."

Mama Kaki alirudi kwenye daftari lake akalitazama kwa jicho la Mkuu. Watoto walikuwepo kweli, lakini hakuna aliyekuja kwa hiari yake. Mtoto akipiga kelele, akichelewa au akisinzia, mwalimu alimwambia, "Nenda maktaba ukasimame." Anakuja, anasimama mikono nyuma, uso ukutani, mpaka kengele ilie. Mama Kaki hakuwahi kulipinga jambo hilo. Tuseme ukweli, lilimfaa: idadi ilipanda, na mtoto anayetazama ukuta hachani kitabu. Hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Jumamosi alimpitia wifi yake, aliyerithi meza yake ya mitumba kule sokoni.

"Yaani wifi umefungua duka, halafu umewaacha wenzako waligeuze mahabusu!" Wifi alicheka mpaka akashika kiuno. "Nani atarudi kuchagua shati mahali aliposimamishwa ukutani?"

"Cheka tu. Wewe hizo suruali umezitundika huko juu, mteja aje na ngazi?"

"Usinihamishe mada. Mteja wako pale ni nani? Watoto?"

Mama Kaki alifikiri. Watoto huenda wanakopelekwa. "Walimu," akasema.

"Basi tafuta mwalimu mwenye shida, uache kuniharibia biashara."

Kuanzia Jumatatu, kila mtoto aliyeletwa aliambiwa kwanza akae kitini, kisha akaulizwa: ulikuwa kwenye somo gani, na ilikuwaje? Majibu aliyaandika nyuma ya daftari. Baada ya wiki mbili picha ikajichora. Wengi walitoka kwa mwalimu wa sayansi, kijana mwembamba ambaye wenzake walimpachika jina la Dakika, maana kila ukimsemesha hana hata moja. Na wengine hawakuwa watundu. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyekuja amevuta mdomo.

"Nimeuliza kwa nini maji ya mtungi yanakuwa ya baridi hata jua likiwaka."

"Akasemaje?"

"Akasema namvurugia kipindi. Nikauliza tena."

"Ukauliza tena!"

"Sasa si hakunijibu?"

Mama Kaki akageuka upande wa rafu asionekane anacheka. Lakini hakumchukia Dakika. Alijua ana vipindi thelathini kwa wiki na kiongozi cha mwalimu kilichonyofoka kurasa za katikati. Mtu aliyekosa jibu mbele ya watoto karibu hamsini hujiokoa kwa alichonacho, na Dakika alikuwa na mlango.

Akachagua vitabu vitatu, akachomeka vikaratasi kwenye kurasa, akamfuata barazani alikokuwa akisahihisha madaftari.

"Mama, sina dakika."

"Sijaja kuomba, nimekuja kukupa. Wiki ijayo unafundisha joto, nimeona kwenye azimio lako la kazi pale ofisini. Kurasa nne tu. Kuna na jaribio, halitaki hata jiko."

Dakika akafungua, akasoma, akaacha kusahihisha. "Nani kakuambia nahitaji hii?"

"Azimio."

"Mama Kaki."

"Azimio, Mwalimu. Mimi nasoma karatasi tu." Mtoto hakumtaja. Sokoni alikuwa hamwambii mteja kwamba kaptura aliyovaa imetoboka. Alimwonyesha nzima, basi.

Dakika naye hakuwa mjinga. "Unataka nini?"

"Alhamisi kipindi cha tatu, uniletee darasa la sita lote. Nitapanga meza saba, kila meza na vitabu vyake na swali lake. Maswali utatunga wewe, sayansi si yangu. Mimi nitawaonyesha jinsi ya kutafuta, wewe utazunguka usikie wamepata nini."

"Nusu ya darasa."

"Lote."

"Dakika ishirini."

"Kipindi kizima. Maswali nitayanakili mwenyewe mara saba. Na jambo jingine: usiniletee tena mtoto wa adhabu."

"Hilo sasa gumu," alisema Dakika, akacheka. "Nitawapeleka wapi?"

"Shauri yako. Wafute ubao."

Alhamisi meza zilikuwa tayari tangu asubuhi. Kengele ikalia, darasa la sita likaingia kwa mstari mmoja, kimya kabisa. Likapita meza ya kwanza, likapita ya pili. Watoto wote arobaini na wanane wakajipanga kuzunguka chumba, mikono nyuma, nyuso ukutani. Hakuna aliyewaamuru. Kwenye chumba kile hawakujua kitu kingine cha kufanya.

Dakika akaganda mlangoni. Katikati ya mstari yule msichana akasema bila kugeuka, "Mwalimu, tumefanya nini?"

Mama Kaki akamtazama Dakika. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa hili. Watoto walikuwa wa mwalimu, na mwalimu ndiye aliyewasimamisha ukutani. Neno la mkutubi lisingewageuza.

Dakika akaingia. Kisha akavuta benchi la watoto, akakaa, magoti yakakaribia kidevu.

"Hamjafanya kitu. Kuna swali niliulizwa nikashindwa kulijibu. Nimekuja kulitafuta. Njooni mnisaidie."

Msichana akageuza shingo. "La mtungi?"

"La mtungi."

"Lile ulilonifukuzia?"

Dakika akasogea kumpisha kwenye benchi.

"Hilohilo. Njoo ukae hapa, wewe mdomo."

Kipindi chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Meza moja ilisoma habari za nyangumi mpaka mwisho, nyingine iligombania kitabu kimoja. Mama Kaki alihangaika kuwafundisha kutumia faharasa, ile orodha ya maneno iliyo nyuma ya kitabu, maana walizoea kuanza ukurasa wa kwanza na kukata tamaa wa tatu. Lakini meza ya dirishani ililipata jibu la mtungi: maji hupenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Dakika akawaambia walowanishe mgongo wa mkono, wapulize. Watoto arobaini na wanane wakawa wanapuliza mikono, kelele tupu, hadi mwalimu wa hisabati akachungulia.

"Mmeungua?"

"Tunasoma," Dakika akamjibu. "Ingia au funga mlango."

Akaingia.

Muhula ulipofika mwisho, Mama Kaki alirudi ofisini, na Mkuu hakubisha. "Umempata mmoja, hongera. Lakini darasa la tano bado lina watoto tisini na sita."

Alikuwa na haki, na Mama Kaki alijua hivyo; pongezi haziongezi chumba. Akaweka karatasi mezani.

"Una vyumba vinane, na ukiligawa la tano utakuwa na madarasa tisa. Changu kiwe cha tisa, lakini kibaki maktaba. Kila kipindi darasa moja lije kwangu na mwalimu wake, la tano B liingie chumba kilichoachwa wazi."

"Hivyo ni vipindi arobaini kwa wiki, Mama. Walimu wamekubali vingapi?"

"Kumi na saba. Saini zao hizo."

"Na ishirini na vitatu vilivyobaki?"

Hapo palimuuma, lakini alikuja ameshapiga hesabu zake. "Kwa vipindi hivyo la tano B watakaa kwangu, wasome masomo yao ya kawaida. Vitabu vibaki kwenye rafu. Sitaki boksi."

"Na wewe?"

"Kona inanitosha."

Mkuu akakuna shingo. "Muhula mmoja. Tukishindwana, vitabu stoo, wewe getini."

"Iandike kwenye ratiba, Mkuu."

Akaiandika. Mama Kaki akasoma mstari kwa mstari, akamrudishia asaini na chini, kisha akatoka. Vipindi ishirini na vitatu havikuwa na mwenyewe, na muhula ulimpa wiki kumi na mbili za kuvitafutia walimu. Akaelekea chumba cha walimu, ambako mwalimu wa jiografia alikuwa anakunywa chai yake kwa amani, hajui kinachomjia.