Kandambili za Ukingoni

Juzi nilirudi kijijini kwetu, karibu na Mtabila, nikashuka hadi mtoni, nikavua kandambili, halafu nikashindwa kuingia majini. Mtu mzima mimi! Nilisimama nikipaangalia pale tulipokuwa tukiogelea, upweke ukanishika.

Bila shaka umewaona waokoaji wa mjini, wale wanaokaa kwenye kiti kirefu na filimbi shingoni. Wa kwetu alikuwa bibi yangu. Alikuja mtoni kulowesha mihogo, ile harufu kali ikimganda mikononi, na kando yake akilaza mwanzi mrefu. Kila mtoto alivua kandambili mbele yake kabla ya kuoga, akitoka, anazivaa. Zikibaki, bibi anajua kuna mtu bado yuko majini.

Na alitufundisha, jamani! Mmoja ajifanye anazama, mwingine alale kifudifudi ukingoni amnyoshee mwanzi. Ukimrukia mwenzako, utakiona. "Akikukaba shingo mnakwenda wote! Mpe mti, piga kelele!" Na sheria kubwa kuliko zote: huna mwenzako, huogi.

Mwenzangu alikuwa binti wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mama yake akija kutulimia. Mwaka 2012 kambi ikafungwa, wakapandishwa lori. Watu wazima walisema anarudi kwao Burundi, wakati alizaliwa hapa hapa. Nililia siku ile mpaka nikalala bila kula.

Watoto wengine walikuwa na wenzao tayari. Nikawa nakaa na bibi ukingoni, namenya mihogo, huku nasikia vicheko vyao majini. Kila nikimwomba, jibu ni lile lile, "Mwenzako yuko wapi?" Nilimchukia, nakwambia kweli.

Siku moja nilipouliza, alivua kandambili zake zilizoungwa kwa waya, akaziweka karibu na zangu. Akakunja kitenge, akachukua mwanzi, akaingia hadi magotini, kila hatua akiipima kwanza kwa mwanzi. Bibi yangu hakujua kuogelea! Maji aliyaogopa maisha yake yote, ila sikuwahi kujua. Akaninyoshea mkono, akaniita kwa Kiha, "Ngwino, mwana wanje." Njoo, mwanangu.

Nikaenda. Tangu siku hiyo mwenzangu wa mtoni akawa yeye, anasimama pale pale na mwanzi wake, anagombeza, mpaka nilipokwenda kusoma mbali.

Sasa bibi tumeshamzika. Mihogo wanalowesha kwenye ndoo nyumbani, na mtoni sikukuta mtoto hata mmoja. Yule binti sijui kama huko aliko alipata mtu wa kuoga naye. Juzi nilizipanga kandambili zangu ukingoni vizuri, kama alivyotaka bibi, nikakaa hadi jua likapoa. Hakukuwa na wa kuziangalia. Nikazivaa, nikapanda kilima bila kulowa hata kidole.