Chumba cha Shangazi Chenye Mlimao

Shangazi yetu hakuona tangu utotoni, lakini ukimwingiza kwenye nyumba mpya alikutajia kasoro zake zote kabla hujamkaribisha akae. Alipiga kofi moja, akasikiliza. "Dari fupi hii, mtasikiana hata mkikohoa." Kisha alilamba kifundo cha mkono, akakiinua na kuzunguka taratibu mpaka upepo umguse pale penye mate. "Dirisha wekeni huku. Huko mlikoweka mtaambulia jua tu."

Kaka yangu ni mchora ramani za majengo, na yote anayojivunia aliyapata kwa huyu mama. Msimwamini akiwaambia eti chuo. Chuo gani! Miaka kumi alimburuta kiwanja hadi kiwanja, mama wa watu akilamba mkono, yeye akiandika. Halafu anapanda jukwaani na tai yake, anasema amebuni majengo yanayoongea na ngozi, pua na masikio. Ukumbi mzima unashangilia. Shangazi yuko nyuma kabisa, kasimama, hata kiti hajapewa.

Hakulalamika. Alitaka kitu kimoja tu: azeekee uani kwake, penye mlimao alioupanda marehemu mumewe, ndege wamwamshe asubuhi. Basi kaka akampata daktari aliyetaka kujenga nyumba ya kutunzia wazee, wakakitolea macho kiwanja cha shangazi.

"Shangazi, chumba chako kitafungukia mlimao," kaka alimwambia. "Ukinyoosha mkono tu, unachuma."

Akaweka dole gumba kwenye hati ya kuwapa kiwanja siku hiyo hiyo. Nilimwambia asubiri kidogo, akanifokea. "Mtoto nimemlea mwenyewe, atanidanganya vipi?"

Akahamia kwangu wakati wa ujenzi. Wiki ya pili tu mlimao ukakatwa. Daktari alisema mizizi itapasua mabomba, na madirisha ya kufunguka yataingiza vumbi. Kaka hakubisha hata kidogo.

"Shangazi akijua je?" nikamuuliza.

"Si haoni? Atajuaje?" Akacheka, mwanaharamu yule. Nami nikanyamaza. Alikuwa ameshaniahidi kazi ya mapokezi humo humo, na kazi nilikuwa naitaka. Nasema wazi nisije nikajifanya mwema.

Siku ya kuhamia, kaka alileta wageni waone chumba. Darini kulikuwa na spika ya sauti za ndege, ukutani kichupa kinachopuliza harufu ya limao, na dirisha la kioo kizima lisilofunguka. Shangazi akapiga kofi, akatulia. Akalamba mkono, akauinua dirishani. Akausogeza kushoto, akausogeza kulia. Ukakauka. Akalamba tena. Mgeni mmoja akampiga picha.

"Huyu ndege karudia yale yale mara tatu," Shangazi akasema.

"Ndiyo kawaida yao, Shangazi," kaka akajibu.

"Fungua dirisha."

"Limekaza kidogo, fundi atakuja."

Akanigeukia. "Mwanangu, mlimao upo?"

Kaka akanikazia macho. "Upo, Shangazi," nikasema. "Umechanua, hutaamini."

Akateremsha mkono. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nirudisheni kwangu."

"Kwako wapi tena?" Kaka aliangua kicheko, na wageni wakamfuata. "Hapo uliposimama ndipo palipokuwa jiko lako!"

Miezi minane sasa. Mkono halambi tena. Kila asubuhi nampelekea chai, na kila asubuhi ananiuliza kwa upole ule ule kama mlimao umechanua. Roho inaniuma, lakini namjibu kwamba umechanua.

Leo alinisikiliza mpaka mwisho, akapapasa shavu langu, akatabasamu.

"Kumbe mko wawili," akasema. "Wewe na yule ndege."

Nikachukua kikombe, nikarudi mapokezi.