Mizinga Ishirini na Tisa ya Benjamini

Saa kumi na mbili asubuhi, Benjamini Kasanda yuko juu ya mti katika msitu wa miombo, Sikonge, anatundika mzinga wa gogo. Ni wa ishirini na tisa. Ubavuni una mistari mitatu, alama ya Mzee Yoramu.

Miaka minne iliyopita, baada ya kurina asali, Benjamini aliondoka bila kuzima mwenge wake vizuri. Mizinga arobaini na mitatu ya Yoramu iliteketea.

"Nilipiga magoti, nikasema nitachonga yote," anasimulia. "Akaniambia, 'Inuka. Nimekusamehe. Hakuna cha kuchonga.'"

Benjamini hakukubali. Aliapa hatagusa Meza ya Bwana, kanisani kwao Moraviani, mpaka mizinga yote itimie. Kilimo cha tumbaku humpa kama shilingi milioni moja na nusu kwa mwaka, lakini siku za palizi huzimaliza msituni akichonga.

"Mwenye mali kasamehe, huyu bado anajihukumu!" anasema mkewe, Recheli, aliyesimama chini ya mti. "Si ajifunge na jela kabisa?"

Kengele ya baiskeli inalia. Ni Yoramu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shuka na huo mzinga."

Benjamini anaushusha kwa kamba, kisha anashuka. Yoramu anamwongoza hadi mti wa pili, ulipo mzinga wa mwaka juzi. Nyuki wanaingia na kutoka, mlio wao umejaa msitu.

"Hawa uliwanunua wapi?"

"Nyuki hawanunuliwi, mzee. Unatundika, unangoja. Wanakuja wenyewe."

"Na Roho wa Mungu je, unamnunua kwa magogo?"

Benjamini anakunja kamba. Yoramu anaendelea:

"Ule moto ulizimika siku ile ulipopiga magoti. Wewe ndiye unaupuliza mpaka leo."

Yoramu anachukua shoka, anafuta mistari yake mitatu kwenye mzinga mpya. "Huu ni wako. Weka alama yako."

Benjamini anavua kofia. Anatazama juu, nyuki wakipita kichwani pake bila kumgusa. Anachonga duara, alama yake ambayo hajaitumia tangu moto ule.

Anasema ataendelea kumchongea mzee. "Sasa najisikia raha kuchonga. Zamani nilichonga kwa hofu."

Na Jumapili, kanisani?

"Nitakwenda kwenye Meza ya Bwana."

"Na mizinga ishirini na minane tu?" Recheli anamtania.

"Bila hata mmoja," anajibu. "Mikono mitupu."