Ukurutu Umegeuka Urembo

Wiki hii, kwenye kaunta ya bima ya afya huku ughaibuni, mjini Jette, mbele yangu alisimama mama wa Kikongo aliyebeba mtoto mchanga. Aliomba arudishiwe pesa ya krimu ambayo daktari alimwandikia mtoto kwa ajili ya ukurutu.

Karani aliirudisha tyubu ya krimu kwa ncha ya kalamu, kana kwamba inanuka. "Hiki ni kipodozi, madame. Pesa za vipodozi haturudishi."

Mama akaufunua mguu wa mtoto. Ngozi ilikuwa imepasuka na inatoa damu. "Donc huyu mutoto anajipamba? Anaenda ku fête gani, sherehe ya nani?"

Karani alitazama, akasema sheria ndiyo hiyo. Mama akaondoka mikono mitupu.

Mimi sijawahi kuona mtu anayejikuna mpaka damu ili apendeze.