Nusu Kidonge Kila Asubuhi

Mimi ni mkono wa birika, sikatai. Katika kibanda chetu cha ushonaji dada yangu anashona na mimi nakata, na kitambaa ambacho fundi mwingine angetoa sketi tatu, kwangu zinatoka nne na mfuko juu. Wateja waliniita Mkasi. Dada alicheka nao, midomo imebana pini, kisha akamgeukia mama aliyekuja kupimwa: "Kiuno cha mwaka jana umekiacha wapi, mwenzangu?" Hakuna aliyemnunia. Kuna watu walioleta nguo isiyo na kasoro wakitafuta pa kupunguza, mradi wakae naye tu.

Kisha akanyamaza. Hakufiwa, hakuachwa, hakudhulumiwa. Watu waliuliza sana sababu, kana kwamba ninayo na ninawabania. Alianza kwa kuchelewa, mwisho akaacha kuja kabisa. Jioni nikirudi namkuta kitandani amegeukia ukuta, chai ya asubuhi imepoa palepale nilipoiweka. Nilimgombeza, nikambembeleza. Yote alinijibu "sawa". Jamani, nililichukia neno hilo.

Daktari alisema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine. Akashauri mambo mawili: kidonge kimoja kila asubuhi, na kuonana na mshauri mara moja kwa wiki ili wazungumze. Nikapiga mahesabu palepale kichwani. Vidonge vilikuwa nafuu. Mazungumzo yalitaka ada, nauli ya watu wawili, na nusu siku kibanda kimefungwa. Nikasema tutachukua vidonge. Maneno, nilijiambia, hata nyumbani yapo, tena ya bure.

Nilipofika nyumbani nikavitazama. Kila kidonge kilikuwa na mstari katikati, na mkataji akiona mstari mkono unamwasha. Nikavikata vyote kwa mkasi mdogo wa nyuzi, nikawa nampa dada nusu kila asubuhi. Dawa ya mwezi mmoja ikawa ya miezi miwili. Nilijiona mjanja kweli.

Miezi minne ikapita, na dada bado anatazama ukuta. Nikamrudisha kwa daktari nimefura, nikamwambia mama wa watu kwamba dawa yake ni maji matupu.

Akafungua jalada. "Mmechukua dawa mara mbili. Ilitakiwa iwe mara nne."

"Si nilivikata," nikasema, tena kwa fahari. "Kimoja kinaenda siku mbili."

Akavua miwani. "Hujaokoa kitu, mama. Kwa miezi minne umenunua dawa isiyomtosha mgonjwa. Dada yako hajafanya kazi siku ngapi?"

"Mia moja sitini na tatu." Sikuhitaji kufikiri.

"Na kwa siku anashona sketi ngapi?"

"Sita. Saba, akiwa na furaha."

Akanisukumia karatasi na kalamu, nikaandika mwenyewe. Vidonge kamili na mshauri kwa wiki nane, ada na nauli humo humo, havikufika hata mapato ya wiki mbili ya cherehani yake. Kwa kuokoa pesa hizo, nilikuwa nimemwacha alale miezi minne zaidi. Naye dada alikuwa ameketi kando yangu, anasikia yote. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kuanzia siku hiyo nilimpa kidonge kizima, na kila Jumanne tukafunga kibanda. Yeye aliingia kwa mshauri, mimi nikabaki kwenye benchi la nje nikijiuliza wanaongea nini humo ambacho mimi sikuweza kumwambia. Wivu ulinishika, sifichi. Wiki ya nne alioga bila kukumbushwa. Wiki ya tano alikula akamaliza sahani. Mimi kimya, niliogopa nikisema neno nitaharibu.

Wiki ya sita mshauri, kijana mpole wa sauti ya chini, aliniita na mimi ndani. "Tangu dada augue," akaniuliza, "wewe umekosa nini?"

Swali la saizi yangu hilo! Nikaanza: sare za shule tulizoshindwa kumaliza, wateja kumi na wawili waliohamia kwa fundi wa jirani, kodi ya kibanda, ada ya hapa kila Jumanne...

"Umesahau nauli ya leo," dada akasema.

Nikageuka. Hakutabasamu, lakini ulikuwa utani, utani wake mwenyewe, na sikuwa nimeusikia tangu anyamaze. Nikaangua kilio bila aibu mbele ya kijana wa watu.

"Nimekukosa wewe," nikamwambia. "Kibandani kuna kimya mno, dada. Nataka urudi."

Akanishika mkono. "Hata mimi nataka kurudi, mdogo wangu. Ila usinihesabie siku. Ukihesabu nakusikia, najiona nimechelewa."

Nikaahidi, na katika maisha yangu yote sijatoa kitu cha gharama kama ahadi ile. Siku hizi asubuhi nikisikia mlango wa chumba chake unafunguka, nasimama jikoni, pumzi nimeibana, nasikiliza kama nyayo zinakuja upande wangu au zinarudi kitandani. Zikirudi, navaa viatu na kwenda kazini peke yangu, wala simuulizi kesho itakuwaje.